USINGIZI, KAZI NA CHAKULA

Natumaini kila mmoja amekwisha keti, na daftari na kalamu viko mbele yake. Leo tutasoma habari za uzito wa mwili: kwa nini mtu hunenepa kupita kiasi, na afanye nini ili apungue.

Najua wengine mtacheka. Mtasema, "Kitambi ni heshima." Na mtu akikonda, majirani huuliza, "Je, unaumwa?" Lakini unene uliopita kiasi huongeza hatari ya kupata ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Pia huumiza magoti. Basi jambo hili si la urembo. Ni la uhai.

Tumfikirie mtu mmoja. Zamani alikuwa mkulima. Alilima kwa jembe, na gulioni alikwenda kwa miguu. Kisha akahamia mjini, akapata kazi ya ulinzi wa usiku. Sasa huketi langoni usiku kucha. Ili asisinzie, hunywa chai yenye sukari nyingi, na kula maandazi. Asubuhi hurudi nyumbani kwa basi. Hulala kwa muda wa saa 3 au 4 tu, maana watoto wanapiga kelele. Baada ya miaka miwili mshipi wake haumtoshi tena. Asema, "Lakini mimi sili kuliko zamani!" Huenda asema kweli. Basi, kosa liko wapi?

Wazee husema, "Jifya moja haliinjiki chungu." Jifya ni figa, na mafiga ni matatu. Uzito wa mwili nao una mafiga matatu: usingizi, kazi na chakula. Tuyatazame moja moja.

FIGA LA KWANZA: USINGIZI

Mtu mzima yampasa kulala saa 7 au zaidi kila siku. Usingizi ukipungua, njaa huongezeka. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walitoa habari za vijana 12 wenye afya. Kwa siku mbili vijana hao walipewa saa 4 tu za kulala kila usiku. Wakati mwingine walipewa saa 10. Walipolala kidogo, homoni inayoleta habari za shibe ilipungua, na homoni inayoamsha njaa ikazidi. Wakatamani sana vitu vitamu na vyakula vya wanga.

Mwaka 2022 ikatoka habari nyingine kutoka chuo hicho. Watu wanene waliozoea kulala kidogo walifundishwa kulala mapema. Walipoongeza usingizi kwa saa moja na zaidi kidogo, walikula pungufu ya kalori 270 hivi kwa siku. Wala hakuna aliyewaambia wapunguze chakula!

Mlinzi wetu afanyeje? Aweke pazia zito dirishani. Awaombe watu wa nyumbani wamheshimu mchana kama watu waheshimuvyo usiku. Na kazi ikikaribia kwisha, asinywe chai kali.

FIGA LA PILI: KAZI

Ninyi mwawajua dereva na kondakta wa basi. Dereva huketi, kondakta husimama na kutembea. Huko London, Uingereza, zamani palikuwa na makondakta katika mabasi ya ghorofa. Kila siku ya kazi walipanda mamia ya ngazi wakikata tikiti. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walionyesha kwamba makondakta hao walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Mwaka 1956 walitazama vipimo vya sare zao, wakaona suruali za madereva ni pana zaidi kiunoni. Lakini hata madereva vijana walikuwa hivyo. Kwa hiyo kazi peke yake haielezi yote.

Je, wewe kazi yako ni ya kuketi, kama fundi cherehani au karani? Basi tafuta mwendo mahali pengine. Tembea kwa haraka dakika 30 kwa siku, siku 5 kila juma. Shuka basi kituo kimoja kabla ya kwako. Mlinzi naye azunguke ua kila saa. Ni kazi yake, na ni dawa yake.

FIGA LA TATU: CHAKULA

Tuanze na sukari. Mtu atiaye vijiko 4 katika kikombe, akanywa vikombe 3, amekula vijiko 12 kwa siku. Soda nyingi za mililita 330 zina sukari ya gramu 35 hivi, yaani karibu vijiko 9 vya chai. Mafuta nayo yana nguvu nyingi: kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120 hivi. Maandazi na chipsi hunywa mafuta mengi.

Usijitese kwa njaa. Panga sahani yako: nusu mboga za majani, robo ugali, wali au ndizi, na robo maharage, samaki au nyama. Kiu ikikushika, kunywa maji.

Uzito hautapungua kwa siku moja. Haukuja kwa siku moja. Lakini angalieni: mtu akikonda bila kukusudia, aende hospitali upesi. Na mama mjamzito, au mtu anayetumia dawa, aulize kwanza kwa mganga wa zahanati.

MANENO MAPYA

Homoni: kitu kinachotengenezwa na mwili, nacho hupeleka habari kwa njia ya damu.
Kalori: kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula.

MASWALI

1. Kwa nini mlinzi alinenepa, ingawa hakula kuliko zamani?
2. Kondakta wa London alimzidi dereva kwa jambo gani?
3. Hesabu vijiko vya sukari unavyotumia kwa siku. Andika jumla.
4. Katika mafiga yako matatu, lipi limelegea? Andika sentensi mbili.

Mwenye kuandika jibu la swali la nne, aanze kulitenda usiku huu huu. Kwaherini, wanafunzi, na mlale salama.