Kongamano la fasihi ya vijana kwenye simu: mwalimu wa kijijini anaingiaje?

Walimu wa fasihi siku hizi hukutana mtandaoni, kila mmoja akiwa kwao, kujadili vitabu vinavyoandikwa kwa ajili ya vijana na namna ya kuvifundisha. Mwalimu wa Shinyanga au Geita naye anaweza kuingia kwa simu yake, na ana jambo zito la kupeleka.

Kwa nini lituhusu

Chukua riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, ambayo kwa miaka mingi imesomwa katika somo la Kiingereza, kidato cha tatu na cha nne. Inamhusu Sekai, mama wa Zimbabwe anayekimbia kijiji chake ili kumwokoa mwanawe aliyezaliwa na ualbino.

Kwetu hiyo si hadithi ya mbali. Tangu katikati ya miaka ya 2000, watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa wameuawa na kukatwa viungo, kwa imani potofu kwamba viungo hivyo huleta dhahabu, samaki au utajiri. Watoto wengi walipelekwa Buhangija, Shinyanga, ili wawe salama.

Sasa mwalimu anafungua kitabu, na mwanafunzi mwenye ualbino yumo darasani. Azungumze naye kwanza kabla ya kipindi? Afanye nini mwanafunzi mwingine akirudia maneno aliyoyasikia machimboni? Maswali kama haya ndiyo ya kupeleka kongamanoni. Walimu wa kwingine wana mbinu za kufundisha mambo yanayoumiza, na wewe unaijua hali halisi.

Namna ya kushiriki

Jiandikishe mapema. Unajaza fomu, kisha linki inatumwa kwa barua pepe. Mengine ni bure, mengine yana kiingilio, hivyo uliza kama kuna punguzo. Usimpe mtu yeyote namba ya siri ya pesa zako za simu.

Angalia saa. Ukiona 14:00 GMT, ongeza saa tatu: ni 17:00, yaani saa 11 jioni kwetu.

Okoa bando. Video inaweza kula zaidi ya MB 500 kwa saa. Kuzima kamera yako peke yake hakutoshi, kwa sababu bado unapokea picha za wengine. Kama programu inaruhusu, zima na video zinazoingia. Sauti peke yake kwa kawaida haifiki MB 50 kwa saa.

Andika swali lako mapema. Makongamano mengi huendeshwa kwa Kiingereza. Ukiwa na swali tayari, unaweza kulituma kama ujumbe hata mtandao ukisuasua. Uliza pia kama kutakuwa na rekodi.

Msikilize pamoja. Simu moja yenye spika ofisini inatosha walimu watano kwa bando moja. Baadaye mnakubaliana kipindi cha Takadini kifundishweje, ili mtoto mwenye ualbino atoke darasani akiwa ameheshimiwa.