Mtembea Waya na Waliomfungia Waya

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1974, muda mfupi baada ya saa moja, watu waliokuwa wakienda makazini katika mji wa New York walisimama barabarani wakainua nyuso zao, kwa kuwa juu kabisa, baina ya minara miwili ya World Trade Center yenye ghorofa 110 kila mmoja, alionekana mtu mwenye nguo nyeusi akitembea juu ya waya. Mtu huyo alikuwa Mfaransa Philippe Petit, aliyebakiza siku sita tu kutimiza miaka 25. Alikaa huko, takribani mita 400 juu ya ardhi, kwa muda wa dakika 45 hivi, akavuka mara nane, akapiga goti, akalala chali, na hakuwa na kamba ya kumzuia wala wavu wa kumpokea endapo angeteleza. Kisa hicho ndicho kilichotengenezewa filamu ya wasifu iitwayo *The Walk*, iliyoongozwa na Mmarekani Robert Zemeckis na kutolewa mwaka 2015.

Filamu za ng'ambo hutufikia sisi wa Musoma, Bunda na Butiama kwa simu, kwa televisheni ya nyumbani, na kwa mabanda ya video, ambamo mfasiri huwasimulia watazamaji kwa Kiswahili yale yanayonenwa na waigizaji kwa lugha yao. Aliyezoea masimulizi ya namna hiyo hatauona mtindo wa filamu hii kuwa mgeni, maana Joseph Gordon-Levitt, anayemwigiza Petit, husimama juu ya mwenge wa Sanamu ya Uhuru akatuelekea na kutuhadithia maisha yake tangu mwanzo hadi mwisho. Na anayeona mtu akitembea hewani hukimbilia kusema ama ana wazimu, ama amevaa hirizi. Filamu inalijibu neno hilo kwa utulivu, kwa kutuonyesha miaka sita ya tadbiri iliyotangulia dakika 45 za ajabu.

Petit alizaliwa mwaka 1949 katika mji wa Nemours, na tangu utotoni alijifunza mazingaombwe, kurusha na kudaka vitu, na hatimaye kutembea juu ya kamba. Mwaka 1968, akiwa anangoja kwa tabibu wa meno, aliona katika gazeti habari za minara iliyokuwa haijakwisha kujengwa, na papo hapo akatia nia. Walakini hakuiendea minara hiyo mara moja. Mwaka 1971 alivuka baina ya minara ya kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris, na mwaka 1973 akatembea juu ya daraja la bandari ya Sydney, Australia. Katika filamu, ustadi wa kufunga waya anaupata kwa mzee wa sarakasi aitwaye Papa Rudy, anayeigizwa na Ben Kingsley, mwigizaji ambaye baba yake alizaliwa Kenya na babu yake alikuwa mfanyabiashara wa viungo Zanzibar. Mzee huyo anampa mwanafunzi wasia ulio mzito kuliko mafunzo yote ya miguu: kwamba watembea waya wengi huangamia katika hatua tatu za mwisho, wanapodhani kuwa wamekwisha kufika.

Sehemu iliyo tamu kuliko zote, hasa kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria, ni ile inayoonyesha jinsi waya ulivyopitishwa. Waya wa chuma wenye uzito wa kilo 200 hivi haurushwi kwa mkono, na minara ilikuwa na walinzi. Petit na wenziwe waliingia jioni ya tarehe 6 kwa vitambulisho vya kughushi na nguo za wafanyakazi, wakajificha mpaka usiku ulipoingia. Ndipo mmoja wa wenziwe, Jean-Louis Blondeau, akiwa juu ya mnara wa kaskazini, alipotwaa upinde akaufyatua mshale uliofungwa mshipi wa kuvulia samaki, ukaangukia ukingoni mwa mnara wa kusini, na Petit akavua nguo zote ili ngozi yake iuhisi uzi ambao jicho halikuweza kuuona gizani. Mshipi ule ukavuta kamba nyembamba, kamba nyembamba ikavuta iliyo nene, na hiyo nene ikauvuta waya, ambao nusura uwaponyoke kwa uzito wake. Kisha zikafungwa kamba za pembeni za kuuzuia usiyumbe, na kazi yote hiyo ilikaribia kuwapambazukia.

Mti mrefu aliouchukua mikononi nao haukuwa pambo. Ulikuwa na urefu wa mita 8 hivi na uzito wa kilo 25, na kwa kuwa uzito huo umetandaa mbali na kiwiliwili pande zote mbili, mwili hauwezi kupinduka kwa ghafula, bali huinama polepole, na mtembeaji akapata nafasi ya kujirudi kabla ya kuanguka. Fauka ya hayo, ncha za mti huinama chini kidogo, zikamwongezea uthabiti.

Minara yenyewe ilibomoka katika shambulio la tarehe 11 Septemba 2001. Kwa hiyo Zemeckis alilazimika kuijenga upya kwa kompyuta, ilhali mwigizaji wake, aliyefundishwa na Petit mwenyewe, alitembea kimo kidogo tu juu ya sakafu ya studio mjini Montréal. Hata hivyo mtazamaji hushikwa na kizunguzungu.

Pamoja na sifa hizo, filamu ina upungufu mmoja, nao unatokana na kumwachia shujaa asimulie habari zake mwenyewe. Wenziwe wanaonekana, wanachekesha, wanasaidia, kisha wanafifia. Atakaye kuwasikia na aitazame *Man on Wire*, filamu ya hali halisi ya James Marsh iliyotolewa mwaka 2008 na kupata tuzo ya Oscar, ambamo Blondeau na Annie Allix, mchumba wa Petit wa siku zile, wananena kwa vinywa vyao, na Blondeau anatokwa na machozi anapokumbuka urafiki uliovunjika baada ya ushindi. Petit alifutiwa mashtaka kwa sharti la kuwachezea watoto bure katika bustani ya Central Park, akawa mashuhuri duniani. Majina ya waliokesha wakivuta kamba hayajulikani na wengi.

Jambo hili latuhusu. Mkoa wetu wa Mara una kaburi na makumbusho ya Mwalimu Julius Nyerere huko Butiama, na vijana wetu sasa wanazo kamera za kutengenezea filamu za wasifu wa watu wa kwao. Atakayesimulia habari za mtoto wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akafika Ikulu, hatakuwa amemaliza kazi yake kwa kumwonyesha Mwalimu peke yake jukwaani. Na awatafute waliompeleka shule, waliomfundisha, na waliosimama naye katika chama cha TANU, awape nafasi yao katika hadithi. Ujasiri wa mmoja haupungui kwa kutajwa waliomsaidia, na mtunzi wa wasifu anayewasahau huwa amesimulia nusu ya kisa.