Kipima-kina cha Mwangwi kwa Mashua Ndogo

Ndugu mkulima, ikiwa shamba lako li karibu na pwani au ziwa, yamkini mavuno yakiisha huweka jembe ukashika kasia. Kwa hiyo yafaa ujue habari za chombo hiki kabla hujatoa fedha yako, maana bei yake si ndogo.

Wazee wetu walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Wao walipima kina kwa bildi, yaani kamba yenye risasi nchani, wakahesabu pima. Kipima-kina hufanya kazi hiyo hiyo kwa sauti. Ukipiga ukelele mbele ya jabali, sauti hukurudia. Huo ndio mwangwi. Chombo hiki nacho hutoa sauti tusiyoweza kuisikia, ikashuka, ikagonga chini, ikarudi. Sauti hupita majini yapata mita 1,500 kwa sekunde. Basi ikitumia sehemu moja katika 25 ya sekunde, imekwenda mita 60; nusu yake, mita 30, ndiyo kina.

Mwaka 1913 Mjerumani Alexander Behm alipewa hataza ya kupima kina kwa mwangwi, na mwaka 1948 Furuno wa Japani walianza kuuza chombo cha kutafutia samaki. Samaki wengi wana kibofu cha hewa mwilini, na hewa hiyo ndiyo irudishayo sauti kwa nguvu. Papa hana kibofu hicho, kwa hiyo huonekana kwa shida.

Ukinunua, shika mambo haya:

1. Kichwa kitoacho sauti kiwe ndani ya maji daima, mbali na rafadha, kwa maana mapovu huzuia sauti. Kisugue kikiota uchafu.

2. Kina huhesabiwa tangu kichwa hicho, si tangu uso wa maji. Ikiwa mkuku wako umeshuka chini kuliko kichwa, punguza tofauti hiyo.

3. Pima mara kwa mara kwa bildi mahali unapopajua, ulinganishe. Tena usiitupe bildi yako. Betri ikiisha, ndiyo itakayokuokoa.

Zaidi ya yote, angalia sana: chombo hiki huonyesha yaliyo chini ya mashua, wala si yaliyo mbele. Mwenye kwenda kasi usiku, macho yakiwa kiooni, huonyeshwa mwamba wakati mashua imekwisha kuugonga. Punguza mwendo, weka mtu omoni.

Mwisho, kuona samaki si kuwapata, wala chombo hakiongezi samaki majini. Ikiwa wavua mahali wazee wanapopajua tangu zamani, huenda wavu mzuri ukakufaa zaidi. Hesabu kwanza faida ya msimu mzima, kisha uamue. Lakini fedha ya mbegu isiguswe, maana bahari ikikunyima, shamba ndilo litakalowalisha watoto wako.