FEDHA YA CHAMA NA KAMARI YA SIMU: SHERIA INASEMA NINI?



Katika mikutano ya vyama vya msingi limeanza kuulizwa mara kwa mara swali linalohusu mchezo wa kubashiri matokeo ya mpira kwa njia ya simu. Vijana wetu huuita mchezo huo "kubeti", na orodha ya mechi wanazozibashiri huiita "mkeka". Wapo wanaoamini kwamba mchezo huo umepigwa marufuku. Wapo pia wanaodhani kwamba, maadamu kampuni zinazouendesha zinajulikana na zinalipa kodi, basi lolote afanyalo mchezaji ni halali. Rai zote mbili si sahihi, na ya pili imekwisha kuwaponza watu wengi.

Hapo zamani mcheza kamari alijulikana. Aliondoka nyumbani, akaketi penye karata, na majirani wakamwona. Siku hizi mtu aweza kuwa ameketi ndani ya ghala la chama, daftari liko mezani, na simu iko mkononi. Katika simu hiyo hiyo zimo fedha zake, na pengine, katika siku za ununuzi wa mazao, zimo fedha za wanachama wenzake. Kutoka fedha hizo mpaka kwenye dau ni kubonyeza vitufe vichache tu. Kwa sababu hiyo hatuna budi kuyaeleza mambo haya kwa utaratibu, kila mmoja ajue sheria inampa nini na inamnyima nini.

Je, mchezo wenyewe ni halali?

Ni halali kwa masharti. Serikali ilianza kuisimamia michezo ya namna hii siku nyingi. Mwaka 1967 ilitungwa sheria ya michezo ya bahati nasibu, na mwaka 1974 ikatungwa sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Mahali pa sheria hizo pamechukuliwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ambayo ni Sura ya 41 ya Sheria za Tanzania. Sheria hii ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na kuipa kazi ya kutoa leseni, kuwakagua wachezeshaji na kupokea malalamiko ya wachezaji.

Yapo mambo mawili ya kukumbuka hapa. La kwanza, asiye na leseni ya Bodi haruhusiwi kuchezesha, awe na kibanda sokoni au awe katika intaneti. Mwanachama akipeleka fedha yake kwa mchezeshaji wa nje asiye na leseni ya hapa nchini, kisha akadhulumiwa, atakuwa amejitoa mwenyewe katika ulinzi wa Bodi, kwa kuwa Bodi haina leseni ya kumnyang'anya mchezeshaji huyo. La pili, mtu ambaye hajatimiza miaka 18 haruhusiwi kucheza kabisa. Mzazi anayemwachia mtoto simu pamoja na namba yake ya siri asishangae mtoto akicheza kwa jina la mzazi.

Dau baina ya wanachama wawili

Tuseme wanachama wawili wamewekeana dau la shilingi 200,000 juu ya mechi ya Simba na Yanga, na aliyeshindwa akakataa kulipa. Je, mshindi aweza kumshtaki? Hawezi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kwamba mapatano ya dau ni batili, na kwamba mtu hawezi kufungua shauri kudai alichoshinda katika dau. Hata kama fedha ilikabidhiwa kwa mtu wa tatu, mathalani mwenye duka, ili aishike mpaka matokeo yajulikane, mahakama haitasikiliza dai la mshindi.

Kanuni hii si ngeni. Tuliirithi kutoka katika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyotumika huku kwetu kabla ya kutungwa sheria yetu wenyewe. Makusudi yake ni kwamba mahakama zisigeuzwe kuwa mahali pa kudaiana kamari. Kwa hiyo katibu asikubali hata mara moja kuandika katika daftari la chama kwamba fulani anamdai fulani fedha ya dau, wala asikate malipo ya mazao ya mwanachama kwa ajili ya deni la namna hiyo. Deni hilo halimo katika sheria, na akilikata atakuwa amechukua mali ya mwanachama bila haki.

"Nilikusudia kuirudisha"

Sasa tufike kwenye jambo kubwa kuliko yote. Tuseme chama cha msingi cha wakulima wa pamba kimepokea fedha ya kununulia mazao. Jumamosi jioni zimebaki shilingi 600,000. Katibu anajua kwamba ununuzi utaendelea Jumatatu. Anawaza moyoni: nitazitumia leo, mkeka ukikubali nitazirudisha kesho, na faida itakuwa yangu, na hapana mtu atakayeumia. Mkeka unachanika. Jumatatu wakulima wamepanga foleni na mizigo yao, na fedha haipo.

Katibu wa namna hii, anapohojiwa, aghalabu husema, "Sikuiba, niliazima, nilikusudia kuirudisha." Pengine asema kweli kabisa. Lakini Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, imelitazama jambo hili waziwazi inapoeleza maana ya wizi. Inasema kwamba kwa upande wa fedha, nia ya kuitumia kwa hiari ya yule aliyeichukua inatosha kuwa nia ya wizi, hata kama alikusudia kumlipa mwenye mali baadaye. Kusudio la kurudisha, kwa hiyo, si utetezi. Kosa lilitimia pale katibu alipoigeuza fedha ya chama kuwa dau lake.

Tena, kosa halitegemei matokeo ya mpira. Kama mkeka ungekubali na shilingi 600,000 zikarudi kamili Jumapili usiku, wizi ungekuwa umekwisha kutendeka Jumamosi. Tofauti ingekuwa tu kwamba usingegunduliwa upesi, na yawezekana katibu angejaribu tena juma linalofuata. Ndiyo maana mkaguzi mwema haridhiki kuona kwamba fedha imo kasikini siku aliyofika. Huuliza pia ilikuwa wapi siku zilizotangulia.

Kanuni hiyo ya Adhabu imeweka pia makosa ya pekee kwa mtumishi anayemwibia mwajiri wake, na kwa wakala anayeiba mali aliyokabidhiwa kwa kuaminiwa, na adhabu zake ni nzito kuliko za wizi wa kawaida. Sababu yake ni rahisi kuifahamu. Mwizi wa kawaida huvunja mlango, bali huyu alipewa ufunguo.

Mkopo wa mwanachama na wadhamini wake

Swali jingine huulizwa hivi: mwanachama amechukua mkopo wa pembejeo, akautia wote katika kubeti, akapoteza. Je, kwa kuwa kamari ni batili mahakamani, deni lake nalo limekufa? La hasha. Mapatano yaliyo batili ni yale ya dau. Mkopo ni mkataba mwingine, kati ya mwanachama na chama chake, na hautanguki kwa sababu mkopaji aliutumia vibaya. Chama kina haki ya kulidai deni hilo kwa njia zilizowekwa na sheria na masharti yake, ikiwa ni pamoja na kulikata katika hisa, akiba na malipo yanayomstahili.

Wanaoumia zaidi ni wadhamini. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, dhima ya mdhamini ni sawa na dhima ya mdaiwa, isipokuwa mkataba umesema vingine. Jirani aliyetia sahihi kwa wema atadaiwa kama kwamba yeye ndiye aliyecheza. Ni kweli kwamba akilipa anayo haki ya kumdai aliyemdhamini, lakini haki hiyo humsaidia kidogo ikiwa mdaiwa hana kitu. Kwa hiyo, Ndugu Mwanachama, kabla hujaweka sahihi yako, uliza mkopo ni wa nini, na uombe pembejeo zitolewe kwa vitu kila inapowezekana. Mfuko wa mbolea hauwekwi dau kwa urahisi kama shilingi.

Simu ni ya nani, na inasema nini?

Laini zote za simu nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole, na kwa sababu hiyo kila muamala una mwenyewe. Mtu akisema "si mimi niliyecheza," ni juu yake kueleza nani alikuwa na simu yake na nani alijua namba yake ya siri. Aidha, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imekubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi mahakamani. Taarifa ya miamala huonyesha siku, saa, kiasi na mahali fedha ilipokwenda. Aliyedhani kwamba kamari ya simu haina shahidi amekosea sana, kwa kuwa inaacha alama nyingi kuliko ile ya karata.

Hapa kuna onyo kwa vyama. Fedha ya chama isipitishwe hata siku moja katika laini ya mtu binafsi, awe katibu, mwenyekiti au mweka hazina. Zikichanganyika, hata mtu mwaminifu hatakuwa na njia ya kuonyesha ipi ilikuwa yake na ipi ya wanachama.

Chama kinapotaka kuchezesha bahati nasibu

Vyama vingine hupata wazo la kuuza tiketi za bahati nasibu ili kuchangia bati za ghala, zawadi ikiwa baiskeli au mbuzi. Nia ni njema, lakini kuuza tiketi kwa watu na kutoa zawadi kwa kura ni mchezo wa kubahatisha mbele ya sheria, nao unahitaji kibali. Katibu aandike kwanza kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na asubiri majibu kabla ya kuchapa tiketi hata moja. Mchango wa hiari usio na zawadi ya kura hauna tatizo hilo, nao mara nyingi hutosha.

Wajibu wa viongozi

Vyama vyetu vinaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, ambayo ndiyo iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kwa sheria hiyo Mrajis aweza kuamuru uchunguzi wa hesabu za chama, na kiongozi aliyesababisha hasara aweza kuamriwa kuifidia kutoka mfukoni mwake. Fidia hiyo haizuii mashtaka ya jinai. Tena haimhusu aliyechukua peke yake. Mjumbe wa bodi aliyeziona dalili akanyamaza, au aliyetia sahihi hundi tupu kwa sababu ya kuaminiana, naye ataulizwa.

Kwa hiyo tunashauri kila chama kifanye mambo yafuatayo:

1. Fedha ya ununuzi isilale mikononi mwa mtu mmoja, hasa mwisho wa juma. Kilichobaki kirudishwe benki au kihesabiwe na watu wawili na kutiwa sahihi.

2. Malipo kwa wakulima yapitie akaunti ya chama yenye watia sahihi zaidi ya mmoja.

3. Bodi ikague kasiki pasipo kutoa taarifa, angalau mara moja kwa mwezi, na matokeo yaandikwe katika kumbukumbu.

4. Mkataba wa ajira wa katibu na wa karani useme wazi kwamba kutumia fedha ya chama kwa shughuli binafsi, hata kwa saa moja, ni kosa la kufukuzwa kazi.

5. Mkutano Mkuu usomewe taarifa ya mkaguzi wa hesabu kwa lugha inayoeleweka, na wanachama wapewe nafasi ya kuuliza.

Ndugu Wanachama, mtu mzima anayecheza kwa fedha yake mwenyewe, kwa kampuni yenye leseni, hakuvunja sheria, na si kazi ya chama kumwandama. Akionekana amezidiwa, anauza debe la mwisho la mahindi ili acheze, basi huyo ni ndugu yetu, na afuatwe kwa upole na wazee na jamaa zake kabla hajafika kwenye fedha za wengine. Lakini upole huo usiingie katika daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katibu anayeandika kila shilingi siku ile ile iliyopokelewa anawalinda wanachama, na anajilinda yeye mwenyewe siku ya Jumamosi jioni, fedha ikiwa mbele yake na simu ikiwa mkononi.