Mlango Ukikataa Kufunguka

Mtu ajengaye nyumba huwaza sana juu ya mwizi. Hununua kufuli kubwa, hutia nondo dirishani, humwagiza seremala komeo la chuma juu na jingine chini. Ni wachache wafikirio siku ambayo mwenye nyumba mwenyewe atausukuma mlango ule ule kutoka ndani, nao utakataa.

Hapa Minova, kando ya Ziwa Kivu, siku hiyo haiko mbali na mtu ye yote. Milango yetu mingi ni ya mikaratusi, na mara nyingi mbao zake hupasuliwa leo na kupigiliwa misumari kesho, zingali mbichi. Ubao mbichi ukikauka hupinda. Hata ule uliokauka vema hunywa unyevu wa hewa katika majira ya mvua, ukavimba. Tena hauvimbi kwa urefu wake, ila kwa upana. Basi mlango wenye mbao tano au sita zilizosimama wima hujibana kati ya miimo yake kama kabari.

Kuna na bawaba. Uzito wa mlango waivuta hasa ile ya juu. Ikiwa imeshikwa kwa misumari badala ya skrubu, misumari hutoka kidogo kidogo, mlango unalala, na ncha yake ya chini yakwaruza sakafu. Wala tusisahau ardhi yetu isiyotulia. Tetemeko la Kalehe la tarehe 24 Oktoba 2002, na lile la Bukavu la Jumapili 3 Februari 2008, yalibomoa nyumba. Lakini hata nyumba iliyobaki imesimama baada ya tetemeko yaweza kuwa na miimo iliyokwenda upande, na mwenyewe asijue mpaka mvua zitakaporudi.

Sisi tulilipata jambo hilo katika mwaka wetu wa kwanza wa kufundisha, tulipokaa katika chumba cha kupanga. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi mwanafunzi akaja kuchukua madaftari, akabisha hodi. Tukamjibu karibu. Akangoja. Tukamwambia karibu mara ya pili, huku tukiusukuma mlango kwa bega, naye maskini akadhani mwalimu amekasirika, akarudi nyuma. Aliyetutoa ni mzee jirani, fundi wa mitumbwi, aliyetuelekeza kutoka nje tuache kusukuma, tuushike mlango kwa chini na kuuinua, maana ulikuwa umelala tu. Ukainuka, ukafunguka. Shule nzima ilicheka juma zima, na sisi pia.

Lakini penye moto hapana kicheko. Usiku wa kuamkia 26 Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, katika sehemu za Machakos nchini Kenya, liliteketea, na wavulana 67 wakafa. Moto uliwashwa kwa makusudi. Hata hivyo, bweni lilikuwa na milango miwili, na mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Madirisha nayo yalikuwa na nondo. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1998, wasichana wa Bombolulu, karibu na Mombasa, walikwisha kufa vivyo hivyo.

Wazungu nao walijifunza kwa machozi. Katika mji wa Sunderland, Uingereza, tarehe 16 Juni 1883, watoto walishuka ngazi kwa mbio kwenda kupewa zawadi. Mlango wa chini ulifunguka kuelekea upande wao, tena ulikuwa umekazwa kwa komeo hata ukabaki upenyo wa kupita mtoto mmoja tu. Walikufa watoto 183. Mwaka 1892 Mwingereza mmoja, Robert Briggs, akaandikisha uvumbuzi wa komeo linaloachia mara mlango usukumwapo kwa mwili. Yaani mtu wa ndani asihitaji ufunguo, wala mwanga, wala akili tulivu.

Twajua watakavyotujibu wasomaji wa Minova. Mwezi wa Novemba 2012, Goma ilipotwaliwa, askari waliorudi nyuma mpaka hapa waliingia nyumba za watu kwa nguvu, wakapora na kutenda maovu yaliyofikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Nani atamlaumu mama atiaye makufuli mawili? Sisi hatumlaumu. Twasema tu kwamba adui yuko nje: komeo nene lifunguliwalo kwa mkono kutoka ndani lamzuia sawasawa na kufuli, mradi liwe mbali na dirisha, asilifikie. Kufuli lililofungwa kwa ndani, na ufunguo wake umefichwa chini ya godoro, lamzuia mwenye nyumba zaidi kuliko mwizi.

Mlango ufungukao kwa nje ni bora wakati wa hatari, lakini bawaba zake hukaa nje, na mwizi aweza kung'oa pini. Fundi azigonge ncha za pini mpaka zitanuke, zisitoke tena. Ufungukao kwa ndani una faida yake: ukikwama, na bawaba zikiwa na pini za kutoka, chukua msumari na nyundo, utoe pini ya chini kwanza, kisha ya juu. Na wakati umekwama, usiache jiko la makaa likiwaka chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu.

Kazi ya randa yataka subira. Mlango ukichongwa sana siku za mvua, kiangazi utaacha ufa wa kupitisha panya. Kwanza paka sabuni kavu au mshumaa ukingoni, mahali pakwaruzapo. Dirisha moja la chumba cha kulala lipewe nondo zenye bawaba na komeo la ndani, jepesi hata kwa mtoto.

Maana watoto ndio hufungiwa zaidi. Mama aenda sokoni au shambani, afunga kwa nje kwa kuwaogopea, na ufunguo waenda naye kiunoni. Kuna ua mmoja hapa ambamo akina mama wamepatana: kila nyumba ina ufunguo wa pili kwa bibi mzee asiyetoka, umefungwa kitambaa cha rangi yake, nao watoto wote wamefundishwa kumwita kwa jina.