Mbunge aliyefunga mahakimu mikono, kisha akawa jaji

Katika habari za Marekani twasikia mara kwa mara kwamba mtu aliyekuwa akitunga sheria ameteuliwa kuwa jaji wa shirikisho, na akishaapa hukaa kitini maisha yake yote. Vijana wa barazani huniuliza kama jambo hilo liko Kenya. Liko, ila jaji wa shirikisho hatuna. Majimbo ya 1963 yalikufa mapema, na ugatuzi wa 2010 haukumpa gavana mahakama. Gavana wa Kajiado hana hakimu wake, na wa Mombasa hana kadhi wake. Kuanzia kadhi wa Lamu hadi Jaji Mkuu, wote wako chini ya Idara moja ya Mahakama, na jaji hustaafu akifika miaka 70.

Mfano wa zamani ni Chunilal Madan. Alikuwa katika Baraza la Kutunga Sheria enzi za mkoloni, akawa jaji 1961, na 1985 akawa Jaji Mkuu. Mfano wa siku zetu ni Njoki Ndung'u wa Mahakama ya Juu. Nataka kumweleza yeye, kwa sababu kazi aliyoifanya bungeni ingali inaamua maisha ya watu, na wengi wao hata jina lake hawalijui.

Bunge la tisa lilikuwa na wabunge 210 waliochaguliwa na 12 walioteuliwa na vyama. Njoki, wakili kwa taaluma, alikuwa miongoni mwa hao 12, kwa tiketi ya NARC. Hakuwa na eneo bunge wala fedha za CDF za kugawa. Mbunge wa namna hiyo wengi humwona kama mgeni aliyekaribishwa kula. Yeye akaleta mswada wake mwenyewe, bila wizara nyuma yake, akitaka sheria mpya ya makosa ya kingono.

Kabla ya hapo makosa hayo yalikuwa ndani ya Kanuni ya Adhabu, katika sura ya makosa dhidi ya maadili, kana kwamba aliyeumizwa ni heshima ya mji na si mtoto. Kifungu cha kunajisi kilitaja msichana tu, mvulana hakumo. Mjadala wa Aprili 2006 ulikuwa mkali. Mbunge mmoja alisimama akadai kwamba mwanamke wa Kiafrika akisema hapana huwa ana maana ya ndiyo, na wabunge wanawake wakatoka nje. Mswada ulipita, lakini ulinyolewa. Ubakaji ndani ya ndoa uliachwa nje. Kikaingizwa kifungu cha 38: anayetoa shutuma za uongo apate adhabu ileile ambayo angepata mshtakiwa. Kifungu hicho kiliwatia hofu wanawake wengi hadi kilipofutwa 2012.

Nenda Kitengela uone kazi yake nyingine. Mji ule umejaa wapangaji kutoka kila pembe ya nchi, wakiwemo watu wetu wa Pwani, na alfajiri wanawake hutoka kwa makundi kuelekea viwanda vya EPZ pale Athi River. Sheria ya zamani ya ajira ilimpa mama likizo ya uzazi ya miezi miwili, kisha ikamnyima likizo yake ya mwaka huo. Sheria ya Ajira ya 2007 ilitoa miezi mitatu yenye mshahara kamili, likizo ya mwaka haiguswi, na baba akapewa wiki mbili. Njoki alikuwa mmoja wa walioyasukuma mabadiliko hayo. Nilipokuwa huko kwa jamaa zangu, mama mmoja mwenye mtoto mchanga aliniambia hiyo ni huruma ya kampuni. Nikamwambia, la, dada, hiyo ni haki yako.

Baada ya Bunge, Njoki aliingia katika Kamati ya Wataalamu iliyoandika rasimu ya Katiba ya 2010, na 2011 akawa mmoja wa majaji saba wa kwanza wa Mahakama ya Juu, mahakama iliyozaliwa na Katiba hiyohiyo. Septemba 2017, wenzake wanne walipoufuta uchaguzi wa rais, yeye na Jaji Ojwang walipinga. Huku kwetu alitukanwa sana, ikasemwa mwanasiasa habadiliki. Mimi sikukubali. Maoni yake yaliandikwa kwa urefu, fomu kwa fomu, na mtu anaweza kuyapinga kwa hoja bila kumkumbusha alikotoka.

Kwangu mimi kitu kizito zaidi ni kifungu cha 8 cha ile sheria ya 2006. Aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha. Mtoto wa 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Hakimu alifungwa mikono makusudi. Kajiado inajulikana ni kwa nini: wasichana wa shule huozwa wakiwa wadogo, na Shule ya AIC Girls pale Kajiado mjini ilipata sifa kwa kuwapokea waliotoroka, enzi za mwalimu mkuu Priscilla Nangurai. Na sisi Pwani tusijifanye watakatifu. Mimi ni Mwislamu, na nimesikia wazee wakisema nikaha inafuta kosa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema miaka 18 kwa kila dini.

Lakini kifungu hicho hakimtofautishi mzee wa miaka 50 na kijana wa 19 aliyependana na msichana wa 17. Wote wawili wanakabiliwa na miaka 15, isipokuwa mshtakiwa aonyeshe kwamba alidanganywa kuhusu umri na kwamba alikuwa na sababu ya kuamini. Machi 2019 Mahakama ya Rufaa ilisema wakati umefika wa kulijadili suala la umri wa ridhaa. Baadhi ya majaji wakaanza kupunguza vifungo wenyewe. Julai 2024 Mahakama ya Juu, mahakama ya Njoki, ikasema la: kiwango cha chini kilichowekwa na Bunge ni halali, na wa kukibadilisha ni Bunge.

Naiona hukumu hiyo ni sawa kisheria, na kali kwa vijana. Mlango wa kuirekebisha ni uleule alioupitia mbunge asiye na eneo bunge mwaka 2006. Kuanzia mbunge wa Kajiado Mashariki hadi wetu wa Kisauni na Malindi, kila mmoja ana haki ya kuleta mswada wa kuwatenga vijana wa rika moja na wanaowinda watoto. Kwa sasa kijana wa Kitengela au wa Likoni akipatikana na hatia chini ya kifungu cha 8(4), hakimu hana la kupunguza chini ya miaka 15.