"Brenton na wenzake": hao wanne ni akina nani?

RUBAVU – Alfajiri, foleni ya Petite Barrière kati ya Gisenyi na Goma huwa imeshajaa mabeseni ya nyanya, mboga na unga. Wanaovuka hapo wamezoea kuhojiwa na watafiti. Waliyosema huishia vyuoni, na huko hutajwa kwa kifupi: "Brenton na wenzake, 2011".

Wenzake ni wanne: Célestin Bashinge Bucekuderhwa, Caroline Hossein, Shiho Nagaki na Jean Baptiste Ntagoma. Pamoja na Paul Brenton waliiandikia Benki ya Dunia ripoti kuhusu wanawake wachuuzi wa mipakani katika Maziwa Makuu: rushwa, matusi, mali kutwaliwa, unyanyasaji wa kijinsia. Majina mawili kati ya hayo msomaji wa Kivu huyatambua kuwa ya nyumbani. Nayo yamemezwa.

Pengine Brenton alifanya kazi kubwa zaidi, orodha haisemi. Wachumi wengi hupanga majina kwa alfabeti, na orodha hii inafuata alfabeti: Br hutangulia Bu. Bucekuderhwa amekosa nafasi ya kwanza kwa herufi moja. Ndivyo ulivyo pia utafiti wa 2020 uliopima mafunzo kwa wachuuzi wa mpaka wa Kongo na Rwanda, na kukuta waliofunzwa walitoa rushwa kidogo kwa kuvuka mapema: Croke, Garcia Mora, Goldstein, Mensah, O'Sullivan. Vyuoni ni "Croke na wenzake".

Kina mama wanaochanga mtaji na kuvusha mzigo kwa karatasi yenye jina la mmoja wanalijua jambo hili. Mzigo ukizuiwa, wengine wanne hawana cha kuonyesha.

Mwongozo wa APA wa Marekani, unaofuatwa na vyuo vingi, ulibana zaidi mwaka 2019. Waandishi wawili hutajwa wote kila mara. Zamani watatu hadi watano walitajwa wote mara ya kwanza. Sasa wakifika watatu, hubaki wa kwanza tu tangu mwanzo. Lakini orodha ya marejeo mwishoni haifupishwi hivyo: hadi majina 20 huandikwa yote.

Mwanafunzi wa Rubavu anayeandika tasnifu kuhusu mpaka aliokulia hajafungwa mikono. Mabano yabaki na "Brenton na wenzake", ila sentensi yake inaweza kusema kuwa Bucekuderhwa na Ntagoma walikuwa miongoni mwa watano hao. Mchuuzi akitaka kuuliza maneno yake yalifika wapi, atajua aanze kwa nani.